Zebaki ya papa yatoka mwilini au haitoki? Nyumbani kumewaka

BintiKibokoni (mwanzisha uzi), Jumatano saa 3:10 usiku

Assalaam aleikum wana jukwaa. Wiki hii kwetu hakukaliki, na kisa ni papa.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano. Jumatatu alienda kliniki, nesi akamuuliza anakula nini, naye kwa ukweli wake akasema papa wa nazi, mara tatu kwa wiki, maana mimba hii imemkataza nyama hata harufu yake. Nesi akamwambia apunguze papa, nduaro na jodari wale wakubwa, kwa sababu ya zebaki. Karudi nyumbani analia. Mama naye kaona ametukanwa yeye, mamake na bibi yake, wote waliolelewa kwa papa. "Nimezaa saba na papa huyohuyo! Nani kati yenu punguani?" Hatukujibu. Tulitazamana tu.

Akaja shemeji na lake: eti zebaki ikishaingia mwilini haitoki hadi kaburini. Na jirani mmoja anauza dawa ya chupa ya "kuosha damu", 3,500, anasema yatoa sumu zote kwa siku saba. Mdogo wangu ashaanza kuhesabu pesa.

Swali langu: yatoka au haitoki? Na kama yatoka, yatokea wapi? Nataka mtu anayejua. Za WhatsApp nimezisoma zote.

NahodhaMstaafu, saa 3:24 usiku

Nimevua papa miaka zaidi ya thelathini kuanzia Mtongwe hadi Shimoni na nimemla kuliko mtu yeyote humu. Meno yangu yote yako. Hizi ni njama za kutuuzia kuku wa gredi.

Tafi_Mbichi, saa 3:26 usiku

Mzee wangu meno na zebaki wapi na wapi 😂

Mwanamaabara_Tudor, saa 4:02 usiku

Dada, jibu fupi upate kulala: yatoka. Yatoka polepole, na sehemu kubwa yatokea chooni. Shemeji yako amekosea na jirani yako pia, kila mmoja kwa upande wake.

Sasa jibu refu. Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa na hili swali nalipenda.

Zebaki si kitu kimoja. Ile ya kipimajoto cha zamani, inayokimbia sakafuni kama shanga za fedha, mtu akiimeza karibu yote hupita tumboni na kutoka. Hatari yake ni mvuke kuingia mapafuni. Iliyo ndani ya samaki ni zebaki ya methili. Hutengenezwa na bakteria wa kwenye matope na maji yasiyo na hewa, wakichukua zebaki iliyodondoka kutoka moshi wa makaa ya mawe, volkano na migodi ya dhahabu (hata kwetu Kenya, Migori na Kakamega, wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu). Hii ndiyo yenye ujanja. Ukiila, kama asilimia 95 huingia kwenye damu.

Ujanja wake ni huu. Hujibandika kwenye asidi amino iitwayo sisteini, na zikishaungana umbo lake lafanana na methionini, chakula ambacho ubongo wakihitaji na mtoto tumboni akihitaji. Ni mzamiaji wa arusini: kanzu safi, kofia ya vito, nani atamuuliza kadi? Apita mlango wa ubongo na apita kondo la nyuma. Ndiyo maana damu ya kitovu cha mtoto hukutwa na zebaki nyingi kuliko ya mamake. Nesi hakumtukana mtu.

Nitaendelea kesho, hapa stima zimeanza kucheza.

MamaWatatu_Kisauni, saa 4:15 usiku

Wapishi tujibiwe kwanza. Nikimlowesha papa kwa ndimu na chumvi usiku kucha, kisha nikamwaga maji ya kwanza, haitoki?

Mwanamaabara_Tudor, Alhamisi saa 12:40 asubuhi

Haitoki, mama. Ndimu yatoa ile harufu ya papa, ambayo ni mambo ya mkojo wake kukaa kwenye nyama. Zebaki imeshikana na protini ya mnofu wenyewe. Uchemshe, ukaange, ubanike, utoe ngozi, umwage mafuta, ipo palepale. Tena ukikausha mambo yazidi: kilo moja ya ng'onda ilikuwa kilo kadhaa za papa mbichi. Maji yameenda na upepo, zebaki imebaki. Mtu anayepima kwa macho, "kipande kidogo tu cha papa mkavu", amekula kipande kikubwa bila kujua.

Haya, tuje kwenye njia ya kutokea, maana ndiyo iliyoulizwa.

Msimamizi wa kazi ni ini. Ndani ya ini kuna kitu kiitwacho glutathioni, nacho kina salfa, na zebaki haiwezi kuona salfa ikapita. Zikishikana, ini huzimwaga pamoja kwenye nyongo, nyongo hushuka utumboni. Ungedhani safari imekwisha. Haijaisha: huko utumboni nyingi hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Inateremka, inapanda, inateremka, kama matatu ya Likoni.

Kinachovunja mzunguko huo ni wapangaji wetu, bakteria wa utumboni. Wao huing'oa ile methili, ikabaki zebaki tupu isiyo na kanzu wala kofia. Hiyo utumbo haiijui, haifyonzi ila kidogo, basi yaenda zake na choo. Kama asilimia 90 ya zebaki ya methili humtoka mtu kwa njia hiyo. Mkojo huchukua kidogo sana, na nyingine huingia kwenye nywele zinapoota.

Tafi_Mbichi, saa 1:05 asubuhi

Kwa hiyo miaka yote nanunua krimu na maski za uso, kumbe usafi wa kweli unafanywa na bakteria wa tumboni bila mshahara.

Mwanamaabara_Tudor, saa 1:11 asubuhi

Na ukinywa antibiotiki ovyo unawafukuza. Kwa panya hilo limepimwa: wakipewa antibiotiki, zebaki hukaa zaidi. Panya waliolishwa pumba za ngano nao waliitoa upesi kuliko wenzao. Simaanishi mkanunue pumba, lakini mtu asiyepata choo siku nne ana sababu nyingine ya kujihurumia.

BintiKibokoni, saa 1:30 asubuhi

Nashukuru kakangu. Sasa ni muda gani? Mdogo wangu akiacha papa leo, lini inaisha?

Mwanamaabara_Tudor, saa 2:18 asubuhi

Chukua pipa lenye tundu dogo chini. Mwili hutoa takriban asilimia 1 kwa siku ya kile kilichomo. Angalia: si kiasi kilekile kila siku, ni asilimia 1 ya kilichopo. Pipa likijaa sana lavuja sana, likipungua lavuja kidogo. Ndiyo maana hatusemi "imeisha", twasema nusu. Kwenye damu nusu huondoka kwa siku 50 hivi, mwili mzima ukiuhesabu ni kama siku 70. Watu hutofautiana, wapo wa siku 40 na kitu, wapo wanaozidi 70 kwa mbali.

Kwa hiyo akiacha leo: baada ya miezi miwili na kitu, nusu. Minne na nusu, robo. Saba, thumni. Amebakiza miezi minne kujifungua, basi atafika karibu na robo. Hilo si dogo hata kidogo, maana ubongo wa mtoto wajengwa hadi siku ya mwisho na baada yake.

Pipa hilo lafundisha jambo jingine ambalo watu hulikosa. Ukiingiza mikrogramu 10 kila siku, mzigo hautapanda hadi mbinguni. Utapanda mpaka kinachovuja kilingane na kinachoingia, yaani kama mikrogramu 1,000, na usimame hapo. Yachukua karibu mwaka kufika. Ukipunguza kinachoingia, pipa lashuka lenyewe bila chupa ya mtu.

Hijama_Majengo, saa 4:47 asubuhi

Sheikh, umesahau hijama. Damu chafu ikitolewa hutoka na sumu zake.

Mwanamaabara_Tudor, saa 5:20 asubuhi

Sijasahau, na sina ugomvi na hijama, mwenyewe nimefanya kwa ajili ya mgongo. Tupige hesabu tu. Katika zebaki yote ya mwilini, damu ina kama asilimia 5. Kwingine ni kwenye misuli, ini, figo, ubongo. Mtu ana damu lita 5 hivi. Ukimtoa mililita 200, umechukua sehemu moja ya 25 ya hiyo asilimia 5. Hiyo ni asilimia 0.2 ya mzigo wote. Ini lake limetoa mara tano ya hiyo kwa siku moja, na halikumchanja popote.

Na mjamzito asitolewe damu kwa sababu hii, tafadhali.

Hijama_Majengo, saa 5:31 asubuhi

Hesabu nimeielewa. Kwa mgongo lakini yafaa.

Pwani_Mgeni, saa 7:15 mchana

Kufunga je? Nimesikia sumu hukaa kwenye mafuta ya mwili, ukifunga mafuta yanayeyuka na sumu inatoka.

Mwanamaabara_Tudor, saa 7:50 mchana

Kuna sumu za namna hiyo, kama DDT. Zebaki ya methili si mojawapo, yenyewe yapenda protini. Funga kwa ajili ya Mola wako. Jasho nalo lina zebaki chembe tu, kwa hiyo na mvuke wa kujifukiza tuuache kwa mafua. Dania na ndimu weka kwenye mchuzi, ndiyo kazi yao iliyothibitishwa.

Kuhusu chupa ya 3,500: kama kweli ingekuwa na nguvu ya kuvuta metali kutoka mwilini, basi ndiyo isingefaa kabisa kupewa mjamzito. Zipo dawa za hospitali za kazi hiyo, hushika zebaki na kuipitisha kwenye mkojo, lakini hubeba pia zinki na shaba ambazo mwili wazihitaji, na hutolewa na daktari kwa mtu aliyepimwa akakutwa na sumu. Iraq, mwishoni mwa 1971 na mwanzo wa 1972, watu walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki ya methili. Ilikuwa ya kupandwa, wao wakaila. Waliolazwa hospitali walikuwa 6,530, waliofia hospitalini 459. Walipewa dawa za kuvuta zebaki, ikashuka kweli kwenye damu, lakini waliokuwa wameumia ubongo hawakupona kwa kushuka huko. Kutoa zebaki na kuponya si kitu kimoja.

NahodhaMstaafu, saa 8:40 mchana

Hao walikula sumu ya mbegu. Sisi twala samaki wa Mungu. Nionyeshe mtu mmoja aliyedhurika kwa samaki.

Mwanamaabara_Tudor, saa 9:33 alasiri

Mzee wangu, kwa heshima: Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba, samaki na makombe wakajaa. Paka ndio walioanza, wakiyumba kama walevi na kujitupa baharini. Mwaka 1956 ndipo ugonjwa wa watu ulipotambuliwa rasmi. Wavuvi na familia zao ndio walioumia zaidi, na wapo watoto waliozaliwa wamelemaa ilhali mama zao walionekana wazima.

Ila nakubali upande wako kwa jambo moja, na hili Dada BintiKibokoni amsomee mamake. Bahari yetu si Minamata. Na jirani zetu Ushelisheli, bahari hiihii ya Hindi, walichunguzwa. Utafiti ulianza 1989 na mamia ya kina mama waliokuwa wakila samaki kama mara 12 kwa wiki. Watoto wao wamefuatiliwa miaka na miaka, na halikuonekana dhara la kueleweka linalorudiarudia. Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, matokeo yalikuwa mengine: watoto wa miaka 7 walionyesha upungufu mdogo wa lugha, kumbukumbu na umakini. Lakini wa Faroe zebaki yao waliipata zaidi kwa nyama ya nyangumi, si changu na tafi.

Mimi nikizisoma tafiti hizo mbili pamoja naona kuacha samaki kabisa wakati wa mimba ni kosa la pili. Kuna mafuta mle ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, kuna madini ya joto, kuna seleni. Aache papa, asiache samaki.

MamaWatatu_Kisauni, saa 10:05 alasiri

Haya tupe majina basi, kesho naenda Kongowea.

Mwanamaabara_Tudor, saa 10:52 alasiri

Kanuni ya baharini ni: nani kamla nani, na kaishi miaka mingapi. Dagaa hula vijidudu na huishi muda mfupi. Kibua humla dagaa. Jodari humla kibua. Papa huwala wote, tena kwa miaka mingi, na pipa lake yeye lavuja polepole kuliko letu. Akifika kwenye sahani yako amebeba deni la ukoo mzima.

Vipimo vya Marekani (vya soko lao, si vya kwetu) vyaonyesha papa ana wastani wa karibu miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Dagaa wa aina ya sadini, 0.013. Sasa kiwango ambacho wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa huona kinavumilika ni mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa wiki. Mdogo wako tuseme ana kilo 60: ni 96. Kipande cha gramu 200 cha papa wa namna hiyo kina mikrogramu 200. Amekula ya wiki mbili kwa mlo mmoja, naye ala mara tatu. Kwa dagaa angehitaji kula zaidi ya kilo 7 kwa wiki, na hapo angekufa kwa kuchoka kutafuna miba.

Kwa hiyo wa kuepuka sasa: papa, nduaro, sulisuli, jodari wakubwa. Nguru mkubwa pia mpunguze. Wanaoitwa "king mackerel" huko Marekani ni ndugu zake, si yeye hasa, na wako kwenye orodha ya kuepukwa, ila naye ni mla samaki na hukua sana, basi mimi simpi mjamzito kila wiki. Wa kula: dagaa, simu, vibua, tafi, changu wadogo, mkizi, kamba, ngisi. Wamarekani huwaambia wajawazito gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, yaani milo miwili au mitatu.

Papa mdogo, wale vitoto wa papa, ana kidogo kuliko mkubwa. Lakini akiwa tayari mkavu na amekatwa, nani atajua alikuwa na umri gani?

NahodhaMstaafu, saa 11:20 jioni

Mimi naweza kujua.

Mwanamaabara_Tudor, saa 11:22 jioni

Wewe ndiyo, Mzee. Wengine sisi twadanganywa.

Shoga_wa_Bondeni, saa 2:14 usiku

Naomba kuuliza na msinicheke. Mimi samaki si mpenzi, lakini nilitumia sabuni ya kung'arisha ngozi karibu mwaka mzima, nikaja kusikia zina zebaki. Hiyo nayo yatoka chooni?

Mwanamaabara_Tudor, saa 2:45 usiku

Hakuna wa kucheka hapa dadangu, na umefanya vyema kuuliza. Hiyo ni zebaki nyingine, haina methili. Huingia kupitia ngozi, hujikusanya kwenye figo, na nyingi hutoka na mkojo. Kwa hiyo kipimo chake ni mkojo, wakati cha samaki ni damu au nywele. Mtu akikosea kipimo ataambiwa yuko salama ilhali hayuko. Acha sabuni, na nenda hospitali waangalie figo: mwambie daktari wazi ulichotumia na kwa muda gani. Ukivimba uso au miguu, au mkojo ukiwa na povu, usingoje. Na taulo na mito ya nyumbani uifue, maana wengine wenye kulala hapo nao huipata.

Shoga_wa_Bondeni, saa 2:51 usiku

Povu lipo. Naenda kesho.

MamaWatatu_Kisauni, saa 2:58 usiku

Nenda asubuhi mapema mwanangu, usisubiri jioni. Tuambie ukirudi.

Tafi_Mbichi, saa 3:20 usiku

Fundi umesema nywele. Kwa hiyo nikinyoa upara nimejitoa zebaki?

Mwanamaabara_Tudor, saa 3:41 usiku

Iliyo kwenye unywele tayari imetoka, ukinyoa unatupa takataka zilizokuwa nje ya mlango. Ila unywele ni daftari zuri sana. Huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na hujiandikia zebaki iliyokuwa kwenye damu wakati ule, kwa kiwango kama mara 250 ya damu. Iraq walizikata nywele za kina mama sentimita kwa sentimita wakasoma mwezi gani walikula ile mikate na mwezi gani waliacha. Mwenye nywele za kiunoni ana kumbukumbu za miaka mitano kichwani.

BintiKibokoni, Ijumaa saa 8:30 mchana

Nimerudi. Nimemsomea Mama uzi wote baada ya swala. Ya Minamata ilimnyamazisha. Ya Ushelisheli akaidaka kama mpira: "Si nilisema!" Nikamwambia waliokuwa wakila huko si ng'onda wa papa mara tatu kwa wiki. Akasema ng'onda wao hawajui kutengeneza.

Chupa haikununuliwa. Mdogo wangu anauliza la mwisho: akijifungua, anyonyeshe au zebaki itapita kwenye maziwa?

Mwanamaabara_Tudor, saa 9:02 alasiri

Anyonyeshe bila wasiwasi. Hupita, lakini kidogo kuliko iliyopita kwenye kondo, na faida ya maziwa ni kubwa mno kulinganisha. Iraq waliona kina mama wanaonyonyesha zebaki iliwapungua upesi kuliko wenzao. Aendelee na vibua na tafi wakati wa kunyonyesha vilevile, papa amsubiri. Na kliniki yake asiiache, akiulizia kupimwa damu daktari ndiye wa kuamua kama kuna haja.

BintiKibokoni, saa 9:40 alasiri

Leo kapikwa tafi wa kukaanga na mchuzi wa nazi wa biringani. Mdogo wangu kala sahani mbili. Mama kanuna, kajipikia papa wake pekee kwenye sufuria ndogo, kakaa naye jikoni kama mtu na siri yake.

NahodhaMstaafu, saa 10:15 jioni

Mwambie mama asinune. Nna vitoto vya papa wa jana, wabichi, urefu wa mkono. Anitafute pale gati ya zamani kabla ya saa mbili asubuhi.